Mwenye Kadi Haitetei

Kadi ikishawekwa mezani, mwenyewe haitetei. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza ya watu wale watano, na kwa miaka minne hakuna aliyeivunja, hata siku ile mwalimu wa hesabu alipoambiwa kwamba joka lake ni kuku aliyevaa koti. Alikunja uso, akanywa chai yake, akanyamaza.

Walikutana kila Jumamosi saa nane mchana, chumba cha nyuma cha duka la uchapaji, kati ya marobota ya karatasi na mashine ya kukatia. Kazi iliyowakutanisha ilikuwa kubuni kadi. Mchezo wenyewe unaitwa Ngome; kadi zake huuzwa madukani kwa pakiti, zina majoka na wachawi na mashujaa wenye misuli, na watu huzikusanya na kubadilishana. Hawa za dukani walishazichoka. Walitunga za kwao, wakazileta mezani, wakazichambua bila huruma mpaka zikapona au zikafa. Watu wazima na akili zao, ndiyo. Kila mtu ana ugonjwa wake.

Utaratibu wao ulikuwa mkali kuliko wa ofisi nyingi. Alhamisi kila mmoja alimfikishia mchapaji bahasha iliyogundishwa, ndani mna maneno ya kadi na mchoro. Mchapaji alizichapa zote kwa herufi za aina moja, na picha akazichora upya kwa mkono wake, asiongeze wala asipunguze kitu, ili mtu asijulikane kwa mwandiko wala kwa mchoro. Jumamosi alizilaza mezani kifudifudi. Zilifunuliwa mojamoja, na kila mtu alitoa kasoro moja na dawa moja, hata mwenye kadi mwenyewe, ambaye alitakiwa kuisema kama vile ni ya jirani. Mwisho mchapaji alisema, "Kila mtu na mwanawe," kila mkono ukachukua kadi yake, naye akahakikisha kwenye daftari.

Msomaji wa kadi alikuwa Wembe. Ndiye pia aliyeandika kasoro na dawa nyuma ya kila kadi kwa kalamu nyekundu. Jina hilo alipewa palepale mezani na hakulikataa. Alikuwa fundi wa miwani. Kutwa alisaga vioo na kuvielekeza kwenye mwanga, akitafuta mkwaruzo ambao macho ya mtu wa kawaida hayauoni, na Jumamosi alikuja kuzifanyia kadi za watu vilevile. Mchoro ukimuudhi aliupiga mistari myekundu hadharani. Wenzake walishamzoea.

Kwa hiyo naomba ieleweke vizuri. Mwanamke huyu anayelipwa kwa kuona mikwaruzo ndiye aliyekaa mkabala na mdogo wake, wa tumbo moja, mwaka mzima, asione kitu.

Mdogo wake alikuwa mbunifu kuliko wote pale. Alipoolewa, mumewe naye alijiunga na meza. Alisema anataka kujua kinachomfurahisha mke wake, na watu wakamsifu. Shemeji alikuwa mkaguzi wa majengo, mtu nadhifu, mpole, mwenye utani wa kiasi, na hakuja mikono mitupu: kila Jumamosi na boksi lake la biskuti. Alivuta kiti cha mkewe, akangoja akae, ndipo naye akaketi ubavuni mwake na kuweka mezani funguo zake, bunda zito lililofungwa uzi mwekundu. Bahasha zote mbili za Alhamisi alizipeleka yeye, na hakufungua ya mkewe, maana alikuwa na mchezo wake mdogo. Kabla watu hawajachukua kadi zao, aliweka kidole kwenye ile anayodhani ni ya mkewe. Alikuwa hajakosea hata mara moja.

"Namjua huyu kuliko anavyojijua," alikuwa akisema, na watu walicheka, Wembe akiwa wa kwanza.

Simu ya mdogo wake siku hizi ilipokewa na shemeji. Mdogo wake kazi ya kufundisha alishaacha, eti apumzike. Mwezi uliopita Wembe alipita kwao bila taarifa, wakaongea kupitia nondo za dirisha, kwa sababu funguo hazikuwepo. "Zimepumzika kwa mwenyewe, dada," mdogo wake alimwambia huku anacheka. Wembe naye akacheka, akaenda zake kununua sabuni.

Jumamosi hiyo walianza kama kawaida. Shemeji aliwagawia biskuti, akasema wiki ijayo ana kazi nyingi. Jumanne angeondoka alfajiri kwenda kukagua ghala mji wa pili, arudi jioni. Kadi ya kwanza ikafunuliwa, ikachambuliwa. Ya pili nayo. Wembe akafunua ya tatu.

"Mlinzi wa Nyumba," akasoma kwa sauti yake ya hakimu. "Gharama, mawe mawili. Nguvu moja, uhai tisa. Mlinzi akiwa mezani, mpinzani wako anacheza kadi zake zikiwa wazi. Kabla ya kutoa kadi yoyote anakuomba ruhusa. Ukimkatalia, anapoteza uhai mmoja. Akitoa bila kuomba, anapoteza uhai tatu. Watu wengine wakiwa wanatazama, Mlinzi anahesabiwa kuwa rafiki wa wote wawili."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo za mlalo, palikuwa na mstari mmoja zaidi. Kila kadi huwa nao, maneno ya kunogesha tu. Macho ya Wembe yalitangulia ulimi wake: Funguo zimepumzika kwa mwenyewe.

Hakuusoma. Akajifanya anakohoa, akatazama picha: mwanamume mrefu aliyegeuka kisogo, mlango mbele yake, na mkononi bunda la funguo. Picha yote ilikuwa nyeusi. Kitu kimoja tu mchapaji alikitia rangi, uzi mwekundu kwenye zile funguo. Nusu mita kutoka hapo, kando ya boksi la biskuti, funguo zenyewe zilikuwa zimelala mezani na uzi wake.

Ndipo Wembe akakumbuka kadi nyingine, ya miezi miwili nyuma, kadi ambayo mdogo wake aliichukua mwisho wa kikao bila kumtazama mtu. Iliitwa Ndege wa Dirishani. Haikuwa na nguvu hata moja. Ilisema tu kwamba ukimtoa, mchezaji mwingine yeyote anaruhusiwa kukusaidia. Wembe aliinyoa bila maji. "Nani atamsaidia mwenzake bure?" alisema. "Kadi ya kuomba msaada haina kazi. Ipelekwe kwenye mashine ya kukatia." Meza nzima ilivunjika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni shemeji. Mwenye kadi haitetei, kwa hiyo mdogo wake alinyamaza.

Sasa kadi ilitakiwa izunguke mikononi, na shemeji alikuwa amekwisha nyoosha mkono.

"Ngoja," Wembe alisema. "Picha hii imejaa mno. Haisomeki." Akachukua kalamu nyekundu akaushambulia ule mchoro, funguo kwanza, mistari ya kulia na ya kushoto, mpaka uzi mwekundu ukapotea ndani ya wekundu mwingine. Akashuka chini akaufuta na ule mstari wa herufi ndogo. Alibonyeza kwa nguvu hadi karatasi ikakwaruzika.

Shemeji aliipokea kadi, akaitazama kwa muda. "Umeiua, shemeji. Hata hukutuachia tuone."

"Nimeyahurumia macho yenu."

Watu walicheka. Mdogo wake hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili na kutazama chai.

Mwalimu wa hesabu alitangulia, maana alikuwa tayari na karatasi yake ya hesabu. "Mawe mawili kwa kiumbe kama huyu ni wizi wa mchana. Akitoka zamu ya pili, mwenzako amekwisha kabla ya zamu ya sita, na kwenye kadi hakuna hata neno moja la namna ya kumwondoa. Kasoro, ni rahisi mno kumpata na vigumu mno kumtoa. Dawa, apandishwe, mawe matano."

Wembe aliandika. Zamu yake ilikuwa imefika na alijua hana nyingine. Mezani pale ndipo mahali pekee ambapo mdogo wake aliweza kumsikia, na yule wa kuogopwa alikuwa amekaa ubavuni mwake anatafuna biskuti.

"Kasoro yangu mimi," alisema, macho yake kwenye kadi, "ni kwamba haisemi Mlinzi analala lini. Kwenye Ngome kila kiumbe akienda kushambulia analazwa ubavu, na aliyelazwa halindi. Huyu naye ni kiumbe kama wengine. Dawa, zamu ambayo Mlinzi anakwenda mbali, mwenye kadi wazi atoe kadi moja bila kumwomba mtu."

"Hapo sawa," mwalimu alisema.

Zamu ikawa ya mdogo wake. Alikizungusha kikombe chake kwenye sahani hata mchapaji akainua macho kutoka kwenye daftari. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeisoma kanuni kwa mara ya kwanza, "Dawa ya dada haitoshi. Mlinzi akienda mbali anakwenda na funguo. Kadi imeruhusiwa kutoka, lakini mlango umefungwa. Itatokaje?"

"Ifunguliwe kwa nje," Wembe alisema.

"Na nani?"

"Kiumbe yeyote wa upande wake. Fundi, mwenye chombo chake."

"Mwanzo wa zamu au mwisho?"

"Mlinzi akishafika mbali kiasi cha kutoweza kurudi haraka. Asubuhi asubuhi hapana. Saa nne hivi, tungesema, kama mchezo ungekuwa na saa."

"Jamani, hayo sasa ni majadiliano," mwalimu aliingilia. "Kanuni ni kasoro moja, dawa moja."

"Basi hiyo ndiyo dawa yangu," mdogo wake alisema. "Iandikwe." Sauti ilimtoka nyembamba, na kikombe kikagonga sahani.

Akabaki shemeji. Alikuwa ameegemea kiti, vidole vyake vinazigeuza funguo taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Kadi nzuri hii," alisema. "Aliyeitunga ana kichwa. Ila nyinyi mnamwonea Mlinzi. Akirudi akakuta nyumba tupu, mnadhani atakimbia barabarani kama mwehu? Mimi ningempa uwezo mmoja. Asihangaike na aliyetoka. Aende kwa aliyefungua. Akae naye, kwa upole, bila ugomvi. Kila zamu amuulize swali moja. Aliyefungua anajua kadi ilikokwenda, na mtu anayejua, mwisho wake anasema."

"Safi sana," mwalimu alisema, na alisema kwa moyo, maana dawa hiyo kweli ilikuwa safi.

Wembe aliiandika neno kwa neno. Alihisi shemeji anamtazama utosini. Hakujua kama mtu huyu amegundua, au anacheza tu kama wengine, na kutojua huko kulimtisha kuliko kujua. Kadi ya nne ilifunuliwa na kuchambuliwa. Mpaka leo ukimuuliza ilikuwa na nini, hawezi kukwambia.

Kisha mchapaji akasimama. Shemeji akanyoosha kidole juu ya zile kadi nne, akitabasamu, kwa ule mchezo wake. Kidole kikapita juu ya ya kwanza. Kikapita juu ya ya pili, kadi ya Kisima cha Chumvi, ambayo Wembe mwenyewe ndiye aliyeitunga. Kikaja kusimama juu ya Mlinzi wa Nyumba.

"Kila mtu na mwanawe," mchapaji alisema, mapema kidogo kuliko desturi.

Wembe aliweka kiganja chake chote juu ya Mlinzi, karibu abane kidole cha shemeji. "Yangu," alisema.

Mwalimu alichukua yake. Shemeji, bila haraka, alichukua yake. Mezani kikabaki Kisima cha Chumvi, na mdogo wake hakuwa na kadi. Ulikuwa muda mfupi tu. Kama mdogo wake angeduwaa, kama angemtazama dada yake hata kwa nukta moja, ingekuwa basi. Mdogo wake alinyoosha mkono akakichukua Kisima cha Chumvi, akakifuta vumbi lisilokuwepo, kama mama anavyomfuta mtoto pua.

Lilibaki daftari. Mchapaji alilifungua, akashuka na kidole chake chenye wino hadi mstari wa mwisho. Yeye alijua nani alileta nini. Alitazama mkono wa Wembe, akatazama mkono wa mdogo wake, akatazama bunda la funguo mezani, uzi ule alioupaka rangi kwa mkono wake Ijumaa bila kujiuliza. Kwa miaka minne hakuwahi kudanganya kuhusu daftari.

"Kama ilivyoandikwa," alisema, akalifunga.

Mlangoni shemeji alimshika Wembe bega. "Leo nimekosea. Mara ya kwanza. Sikujua kama shemeji yangu unaogopa milango."

"Naishi peke yangu."

"Niazime hiyo kadi nikaiangalie nyumbani."

"Haijaiva," Wembe alisema, na akaibana kwapani mpaka alipowaona wameingia garini.

Siku mbili zilizofuata alikaa roho juu. Alijua kwamba nyumbani shemeji atamuuliza mkewe juu ya Kisima cha Chumvi, kwa nini gharama ile, kwa nini kisima, na mdogo wake atatakiwa kujibu kama mtu aliyekizaa. Jumatatu alikwenda kituo cha polisi. Askari alimsikiliza, akamwambia amlete mwenye malalamiko mwenyewe. Wembe akasema mwenye malalamiko amefungiwa. Askari akasema basi akifunguliwa aje. Kazini Wembe aliharibu vioo viwili vya mteja, jambo ambalo halijatokea tangu alipokuwa mwanafunzi.

Jumanne saa nne kasoro robo alifika kona ya mtaa wa mdogo wake, begini ana nyundo na tindo, silaha za mtu asiyejua anachokwenda kufanya. Gari la kusambazia karatasi lilikuwa limeegeshwa pale. Mchapaji alikuwa ndani, na mapajani mwake mkasi mrefu wa kukatia chuma.

"Ulisema fundi mwenye chombo," alisema. "Miwani haikati kufuli."

Walikwenda mpaka mlangoni. Kufuli la geti la mlango lilikatika kwa kishindo ambacho Wembe aliona kimefika mpaka huo mji wa pili. Kitasa cha ndani kilikula dakika saba. Kila gari lililopita lilikuwa la shemeji mpaka lilipopita. Mlango ulipofunguka, mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, ameshavaa, mfuko mmoja wa plastiki mkononi, malapa miguuni kwa sababu viatu navyo hufungiwa.

"Aliniuliza usiku kucha," alisema. "Kwa nini chumvi. Nikamwambia chumvi inahifadhi. Ndiyo?"

"Ndiyo," Wembe alisema, ingawa yeye alikuwa ameipenda tu sauti ya neno. "Panda gari."

"Twende kwako, dada."

Wembe aliitoa kadi begini akaigeuza. Mwandiko wake mwenyewe, maneno ya shemeji. Aende kwa aliyefungua. Alikuwa ameyasoma mara mia tangu Jumamosi, na jibu lake lilikuwa moja tu, na alilichukia.

"Kwangu ndiko atakakoanzia," alisema. "Mchapaji atakupeleka mahali. Mimi nisijue ni wapi."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Usinipigie. Usinitumie mtu. Nikijua, nitasema. Mimi si jasiri hivyo."

Mdogo wake alimkumbatia kwa nguvu ya ajabu kwa mtu aliyekonda namna ile, na ndipo Wembe alipouhisi ule mkono wa kushoto, jinsi ulivyokuwa haukunjuki vizuri. Kisha gari likaondoka. Wembe aligeukia upande mwingine kabla halijafika njia panda, asije akaona linakata kulia au kushoto.

Shemeji alikuja Jumatano saa tano asubuhi, kazini kwake, na boksi la biskuti. Alimsalimia mwenye duka, akaomba kiti, akakiweka kando ya mashine ya kusagia vioo. Akakaa. Akaweka funguo mezani.

"Shemeji, habari za tangu juzi. Yuko wapi?"

"Sijui."

Hakubisha. Alingoja. Mteja aliingia, akapimwa fremu, akaondoka. "Yuko wapi?" Wembe akasema hajui. Mashine ilinguruma chini ya vidole vyake, na alishukuru ngurumo hiyo, maana ilificha mtetemeko. Saa sita. Saa saba. Kila nusu saa swali moja, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza bei. Hakuna aliyeona kitu kibaya. Mwenye duka hata alimletea chai. Wembe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Lakini kila alipotafuta ndani yake kitu cha kusema, hakukikuta. Kweli alikuwa hajui. Hofu ilimbana kote, haikupata cha kukamua.

Saa tisa shemeji aliiona kadi, imechungulia kwenye begi. Akaichukua bila kuomba. Akaisoma nyuma, ya mwalimu, ya Wembe, ya mkewe, na yake. Chini ya yake Wembe alikuwa ameongeza mstari mmoja: Dawa imekubaliwa, aliyefungua asijue kadi ilikokwenda.

Uso wake haukubadilika mara moja. Ulianza kukaza masikioni, ukashuka. "Mmekaa mezani," alisema, "mbele yangu, mmenichambua mimi." Kisha akainama karibu, na kwa mara ya kwanza sauti ikampasuka. "Hamjui lolote. Mimi nampenda yule. Namlinda. Bila mimi yule hawezi hata…"

"Shemeji," Wembe alisema, na kioo kikamponyoka kikaanguka. "Kanuni unaijua. Mwenye kadi haitetei."

Alidhani atampiga. Mwenye duka alikuwa amesimama, amenyanyua kichwa. Shemeji alivuta pumzi, akatengeneza kola, akachukua kalamu nyekundu kutoka mezani, akaandika kitu kwenye kadi, akairudisha begini taratibu. Akatoka. Biskuti aliziacha. Wembe alikaa muda mrefu kabla ya kuitoa. Shemeji alikuwa ameandika kwa herufi nzuri, za mtu anayejaza fomu: Mlinzi hana haraka.

Jumamosi walikuwa watatu. Mwalimu hakuwa na karatasi ya hesabu. Alikuwa amekwisha elezwa, na alikuwa anatazama mikono yake. Alisema "safi sana" mara mbili peke yake, kwa chuki. Nje, upande wa pili wa barabara, gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa tangu saa saba, na yeye ndani yake.

Mchapaji alilaza kadi mezani, moja tu. Hakusema imetoka kwa nani. Alikuwa anazuia tabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Wembe aliifunua, na macho yake yakakutana na jina: Ndege wa Dirishani. Maneno yalikuwa yaleyale kasoro mstari mmoja mpya, ulioandikwa chini. Nani atamsaidia mwenzake bure? Dada yake.

Machozi yakamlenga. Macho yalitaka kupanda kwenye picha. Mchapaji hachori asichoagizwa, na haachi alichoagizwa. Kama mdogo wake amechora dirisha, basi nje ya dirisha hilo kuna kitu, paa, mnara wa maji, kilima, na Wembe angekitambua, kwa sababu yeye ni mtu wa kutambua vitu vidogo. Alitamani kutazama kama mwenye kiu anavyotamani maji. Angejua kama anaona mti. Angejua kama chumba kina mwanga.

Akageuza uso ukutani, akaipapasa kalamu nyekundu, akaanza kuchora mistari bila kuangalia, kulia na kushoto, mpaka karatasi ikatoboka.

"Picha imejaa mno," alisema. "Endelea na nyingine."

Hakukuwa na nyingine.